Rufaa ya Mkono wa Kulia

Baba yangu alinyimwa malipo ya ulemavu kwa sababu ya kuwa na adabu. Najua inavyosikika. Nimekwisha kuwaeleza watu wengi habari hii, na kila mmoja hunitazama kana kwamba natia chumvi, kwa hiyo safari hii nitaanza na karatasi yenyewe.

Ilikuwa karatasi moja, kwa Kifaransa, imepigwa chapa vibaya, na mimi najua kupiga chapa kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwa ikinilisha. Iliandikwa na daktari wa ofisi ya bima ya ajali za kazini, Moroni. Ilisema kwamba mzee aliyechunguzwa aliingia kwa miguu yake, nadhifu, mchangamfu. Kwamba alimsalimu daktari kwa mkono wa kulia, tena kwa nguvu. Kwamba alipoulizwa hali yake alisema hana malalamiko. Mwisho ikasema mkono umepona, ulemavu uliobaki ni mdogo mno kustahili malipo ya kila mwezi, na mzee anaweza kurudi katika kazi yake ya zamani.

Kazi yake ya zamani ilikuwa bandarini Mutsamudu. Baba alikuwa serahangi, mkuu wa kikosi cha makuli wanaoshusha shehena melini. Siku moja, wakishusha magunia ya mchele, waya wa winchi ulilegea kisha ukakaza ghafla, na mkono wa kulia wa baba ulikuwa kati ya waya na ukingo wa ngama, tumbo la meli. Hawakuukata. Afadhali wangeukata, nilifikia kusema hivyo baadaye kwa hasira, Mungu anisamehe. Vidole vyote vitano vilibaki mahali pake, kovu likafichika ndani ya kanzu, na aliyemtazama aliona mzee mzima mwenye mikono miwili. Lakini kifundo hakikupinda tena, vidole havikufumba, na ukiugusa tu mkono ule alisikia maumivu mpaka kwapani.

Nieleze kidogo tulivyokuwa. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Magoudjou, mtaa wa Moroni, kisiwani Ngazija, nikipiga chapa katika ofisi moja ya mjini. Baba na mama walikuwa kwao Mutsamudu, kisiwa kingine, Anzuani. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu mama alizaliwa na kukulia Unguja, na baba alikuwa nacho tayari, alikipata bandarini kwa mabaharia. Na yote haya yalitukia katika miaka ile Anzuani ilipojitangaza kuwa nchi peke yake. Ngazija haikukubali. Ufaransa haikuwataka watu wa Anzuani, ijapokuwa walipandisha bendera yake juu ya mapaa. Na sisi tuliokuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule tukawa watu wa kuonyesha karatasi kila tulikokwenda.

Siku ya uchunguzi nilimsindikiza baba mpaka mlangoni. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, koti jeusi, kofia ya kushona kwa mkono. Nikamwambia, "Baba, mwonyeshe mkono." Akanijibu, "Kaa hapo nje. Haya si ya watoto." Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Robo saa haijatimia mlango ukafunguliwa na daktari mwenyewe, kijana mdogo, amemshikia baba bakora yake, akamtoa mpaka kizingitini. Baba uso ulikuwa umemkunjuka. Njiani akaniambia, "Kijana amelelewa yule. Wazazi wake siwajui, lakini wamelea."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wala sijui nimlaumu nani. Kwetu mdogo akimwamkia mkubwa huunganisha viganja viwili, huvinyoosha mbele na kusema kwezi, kama Waswahili wanavyosema shikamoo. Mkubwa huweka mkono wake wa kulia ndani ya vile viganja na kujibu mbona. Wa kushoto hauwekwi. Bora usimwitikie mtu kabisa kuliko kumpa wa kushoto. Daktari yule, badala ya kukaa nyuma ya meza yake kama daktari, aliinuka akamwamkia baba kama mtoto wa jirani. Baba akampa mkono, na kijana akaushika kwa yake miwili. Kisha akauliza hali, na baba akajibu anavyojibu kila Mwislamu mwenye haya: alhamdulillahi, sijambo kabisa. Halafu kijana akaketi, akaandika.

Ripoti ilinifikia mimi Moroni. Nakala yake ikaifikia kampuni ya kupakua shehena Mutsamudu kwa upesi wa ajabu, kwa visiwa ambavyo havikuwa vikisemezana. Kampuni ikamwandikia baba: kwa kuwa amepona, aripoti kazini mwanzo wa mwezi, asiporipoti atahesabiwa ameacha kazi kwa hiari yake. Kwa hiyo malipo hapana, na asipopanda melini, kazi nayo hapana, na haki zote za miaka aliyofanya zinakwenda na maji. Na akipanda, nani atamshika mtu wa umri ule kwenye ngazi ya kamba, mkono mmoja haufumbi?

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda boti. Nilifika nyumbani natapika bahari na hasira pamoja. Nilimkuta baba ameketi sebuleni, mama anachagua mchele kwenye ungo.

"Baba, ulimpa mkono gani daktari?"

"Mkono gani? Kwani mtu ana mingapi ya kuamkia?"

"Uliuma?"

"Uliniuma mpaka machozi yakanilengalenga."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mbona."

"Na alipokuuliza hali?"

"Mwanangu, nimwambie nini kijana wa watu? Hata hatujajuana, nianze kumlilia shida mlangoni kwake?"

"Ni daktari, baba! Kazi yake ni kusikiliza shida!"

"Angeniuliza mkono," akasema. "Aliniuliza hali."

Nilipiga kelele. Sina sababu ya kuficha. Mama akaniambia kwa sauti ya chini nipunguze ukali, yule ni baba yangu. Nikamkasirikia na yeye. Baba alisema tu kwamba mwezi ukiandama atakwenda bandarini, atasimama aamrishe, na mengine Mungu yupo. Chakula kilipoiva mama aliniandalia mimi peke yangu sebuleni. Yeye na baba wakala chumba cha ndani. Nikajua nimesusiwa kwa maneno yangu, nikala wali wangu kwa ghadhabu.

Rufaa yenyewe niliiandika usiku uleule kwa Kifaransa changu cha ofisini, na sikuona ugumu. Ugumu ulikuwa wa viambatisho. Ofisi ya bima ilitaka maoni ya daktari mwingine, yenye mhuri. Nilimpeleka baba kwa daktari wa hospitali ya Mutsamudu, mtu mzima asiye na haraka, naye akamchunguza inavyotakiwa. Hakumpa mkono. Alimwambia aukaze mkono, aufungue, aokote sarafu mezani. Baba hakuweza hata kimoja. Daktari akaandika ukurasa mzima, akagonga mhuri, nami nikarudi Moroni nikiona nimemaliza kazi.

Pale dirishani kwenye ofisi ya bima palikuwa na karani mmoja mwenye tabia ya kusoma mhuri kabla ya kusoma barua.

"Dada, huu mhuri wa nani?"

"Wa hospitali ya Mutsamudu."

"Hapa pameandikwa Dola ya Anzuani. Dola hiyo mimi siijui."

"Hospitali unaijua?"

"Hospitali naijua."

"Na daktari aliyetia saini?"

"Tulisoma naye darasa moja."

"Sasa?"

"Mhuri siujui," akasema, akabaki na rufaa, akanipa risiti yake, na karatasi ya daktari akanirudishia kupitia tundu la dirisha.

Nikampelekea baba ile risiti na salamu kwa abiria wa boti, kwa sababu simu siku hizo leo inalia, kesho hailii: nenda tena kwa daktari, mwambie atumie mhuri wa zamani. Jibu likaja baada ya siku tisa. Mhuri wa zamani ulichukuliwa na wakubwa wapya, nao wameufungia kabatini, na atakayeonekana nao atapelekwa ndani. Nikakaa kitandani nikacheka peke yangu, kicheko cha kutaka kulia. Mkono wa mtu umesagika mbele ya watu ishirini, lakini hauwezi kuwa umesagika mpaka kipande cha mpira kiseme.

Wala upande wa pili haukuwa na nafuu. Mwezi uliandama. Baba akapeleka kwa kampuni risiti yangu ya rufaa, kuonyesha kwamba shauri bado halijakwisha, ngoja kwanza. Wakamwambia hawapokei karatasi za Moroni. Lakini ripoti iliyosema amepona ilitoka Moroni hiyohiyo! Hilo halikuwashughulisha. Baba akafanya alichoahidi: akavaa, akaenda bandarini kila asubuhi. Makuli wake wa zamani walimwekea kreti nyuma ya ghala akae kivulini, wao wakifanya kazi yake na jina lake likisomwa kwenye orodha ya waliofika. Ilikwenda hivyo wiki tatu. Kisha mkubwa mmoja wa kampuni akapita nyuma ya ghala. Akamwambia baba, kwa heshima zote, kwamba meli ijayo atapanda ngazi kama wenzake, au alete karatasi ya ulemavu, au aende nyumbani kwake moja kwa moja.

Mama ndiye aliyetutoa. Mimi na Kifaransa changu nilikuwa nimekwama kwenye mhuri, yeye akauliza swali la mtu aliyewahi kuhama nchi na kuona serikali zikibadilika: ni nani mjini ambaye mhuri wake haujabadilishwa? Kadhi. Mhuri wa kadhi wa Mutsamudu ulikuwa wa Kiarabu, una jina la mji na cheo chake tu. Wenye dola wapya hawakuthubutu kuugusa, na wale wa zamani nao hawakuwahi. Mama akamfuata daktari nyumbani kwake. Daktari akaandika upya ripoti yake kwenye karatasi tupu aliyoichana katika daftari la mwanawe, wakaenda wote wawili kwa kadhi, daktari akaapa kwamba aliyoyaandika ni aliyoyaona, kadhi akagonga.

Nilipoisukuma ile karatasi ya daftari chini ya dirisha, karani akaanza na mhuri, kama kawaida yake. Akautazama. Akaigeuza karatasi, akautazama tena. Nilisubiri aniambie kwamba kadhi naye hamjui. Akafungua droo, akachukua jalada la baba, akaitia ndani taratibu.

"Mngeanza na hii," akasema.

Nilikuwa na jibu, lakini nilihitaji tarehe ya kikao.

Tarehe ikatoka: Jumanne, mbele ya madaktari watatu. Baba akaja kwa boti, akafika bandari ndogo ya Moroni Jumatatu asubuhi, kanzu imelowa chumvi, koti kalibeba begani. Siku zile Moroni haikuwa mahali pazuri pa kuwa mtu wa Anzuani. Kulikuwa na vijana waliosimamisha teksi na kusikiliza abiria wanavyosema, wakikutambua wanakushusha. Nikamsihi baba, tukiwa ndani ya teksi asifungue kinywa. Akapanda, akawageukia waliokaa nyuma, akawatolea salamu kwa lugha ya Mutsamudu, salamu kamili, mpaka habari za watoto. Nilitaka kujitupa nje. Mwanamke mmoja mwenye kapu la ndizi akamwitikia, akamuuliza bahari ilikuwaje, wakazungumza mpaka Magoudjou. Hakuna aliyetufanya lolote. Hilo nalo lilinikera, kwa sababu sikuweza tena kumwambia kwamba nilikuwa na haki.

Nilikuwa nimempikia wali, kisamvu cha nazi na samaki wa kukaanga. Akasema amefunga, ni Jumatatu. Magharibi akaenda msikitini, akarudi akasema wamemfuturisha huko, watu wema sana. Asubuhi nikamwekea mkate na mayai. Akasema bahari bado iko tumboni, akanywa chai tu, kikombe amekibana kati ya viganja viwili. Nikaifunika ile sahani kwa kishindo. Nilikuwa nimelipa nauli, nimegombana na karani, nimeandika barua kumi na moja, na mzee hata chakula changu anakibagua.

Kikao kiliitishwa saa mbili asubuhi. Saa tatu tukaambiwa daktari wa tatu amekwenda Vouvouni kuzika, tungoje. Tukangoja kwenye benchi mpaka adhuhuri, mpaka karibu na alasiri. Niliutumia muda ule kumfundisha baba kana kwamba anakwenda mtihani.

"Usimpe mtu mkono."

"Wakiniamkia?"

"Weka mkono kifuani, inatosha. Na wakikuuliza hali, usiseme sijambo."

"Niseme nini? Nimshitaki Mungu kwa watoto wa watu?"

"Humshitaki Mungu, baba. Unamweleza daktari."

Akasema, "Nitajibu nitakachoulizwa." Jibu gani hilo? Ndilo lililotufikisha pale. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na safari hii niliingia naye; nilikuwa nimeomba kwa maandishi niwe mkalimani, kwa sababu mmoja wa wale watatu alikuwa mgeni asiyejua ila Kifaransa.

Wakubwa wawili walibaki wameketi. Wa tatu, aliyetoka mazikoni, bado vumbi likiwa kwenye viatu vyake, alikuwa mdogo wao. Akaja mpaka mbele ya baba, akaunganisha viganja.

"Kwezi."

Nikamwona baba anausogeza mkono. Nikamwona uso unavyojikaza. Wiki zote zile, kadhi, daktari, ngazi ya meli, na mzee anautoa mkono uleule kwa kosa lilelile!

"Mkono unamuuma!" nikapiga ukelele. "Anaumia, mnaandika amepona! Hawezi kukunyima, ndiyo maana anakupa! Muulizeni mkono!"

Yule daktari akairudisha mikono yake kama aliyegusa sufuria ya moto. Baba hakunitazama. Nilijua nimemtia aibu mbele ya wanaume watatu, na kwa dakika ile sikujuta hata kidogo.

Mkubwa wao, mzee wa Ngazija mwenye mvi, akavua miwani yake. "Haya," akasema, "tutauliza mkono." Akamwomba baba avue koti. Baba akalivua kwa mkono wa kushoto, akijipindapinda. Akamwomba alivae tena. Baba akajaribu. Nikainuka kumsaidia, mzee akanizuia kwa kidole. Tukatazama. Koti likaanguka, baba akaliokota, likaanguka tena. Kisha mzee akaandika kidogo, akauliza kwa sauti ya mtu anayezungumza na rika lake:

"Unakula kwa mkono upi?"

"Wa kulia," nikajibu mimi upesi, "kama watu wote."

"Nimemuuliza yeye."

Baba alikuwa anatazama koti lililo mikononi mwake. "Sili kwa mkono wangu," akasema. "Nalishwa."

"Na nani?"

"Na mke wangu. Tangu siku ile."

Mgeni akanigeukia asikie. Nikatafsiri. Sijui nilitafsirije, najua tu kwamba kalamu yake ilianza kwenda. Niliikumbuka miaka miwili ya sikukuu na likizo, kila nilipokwenda Mutsamudu sahani yangu ikiletwa sebuleni, na wao wawili wakila ndani. Nikaona haya mpaka masikio yakanichoma.

"Na kijiko?" akauliza mzee. "Kwa mkono wa kushoto. Mwenye udhuru ameruhusiwa, unajua."

"Najua ameruhusiwa. Nilijaribu, chumbani, peke yangu. Niliona aibu hata peke yangu."

"Mkeo yuko hapa Moroni?"

"Yuko Mutsamudu."

"Basi ulikula lini mara ya mwisho?"

Baba akafikiri. Hakutaka kusema uongo, na swali lilikuwa limeulizwa.

"Jumapili," akasema. "Kabla ya boti."

"Na msikitini?" nikauliza, nikasahau kwamba mimi ni mkalimani. "Ulisema wamekufuturisha."

"Walinipa maji."

Mgeni akasubiri. Ilinibidi niyatafsiri na hayo, Jumapili, msikiti na maji, neno kwa neno, kwa Kifaransa cha ofisini. Nilipomaliza mzee wa Ngazija alikuwa bado anaandika, na aliandika sana. Akasema wataandika kwamba mkono haufai kwa kazi ile wala kwa kazi nyingine ya mikono, na kwamba ripoti ya kwanza inafutwa. Tulipoinuka naye akainuka. Hakumpa baba mkono wala hakuutaka wake. Aliinamisha kichwa tu.

Barua ya uamuzi ilitoka baadaye, na malipo yalianza, na kampuni ilikubali kumstaafisha baba pale kadhi alipoigonga na barua hiyo nayo. Kulikuwa na wiki nyingine za kuhangaika humo katikati, nimechoka hata kuzieleza. Siku ile ya Jumanne tulipanda teksi tukarudi Magoudjou, na safari hii baba hakumsalimu mtu. Mimi ndiye niliyesalimu.

Nilipasha moto wali wa jana. Yeye alikaa kwenye mkeka, koti kaliweka pembeni, amechoka, uso umempungua. Nikaleta maji, nikanawa. Nilikuwa bado nimeudhika. Nilitaka kumuuliza kwa nini siku mbili nzima aziache sahani zangu zimefunikwa.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Una makelele sana, mwanangu," akasema, bila ukali wowote.

Nikamega tonge, nikachovya katika kisamvu, nikalipeleka. Akageuza uso ukutani kwanza. Kisha akaurudisha, akafungua kinywa. Lilikuwa tonge kubwa mno. Alilitafuna muda mrefu, akameza kwa taabu.

"Mama yako humega dogo zaidi," akasema.

Nikamega dogo zaidi.